Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Baraza la Wafanyakazi

Kwa Mheshimiwa Baraza la Wafanyakazi,
Ukumbi wowote wenye kiyoyozi,
Morogoro.

Yah: Mwaliko wa kufika Mafiga, japo kwa nusu siku

Wakazi wa Kata ya Mafiga wanamsalimu Mheshimiwa Baraza na kumpongeza kwa kuendelea kuupenda mji kasoro bahari. Wizara zilizohamia Dodoma na mashirika yaliyobaki Dar es Salaam hukutana hapa, katikati ya njia, chini ya milima ya Uluguru, na tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2024, hata kisingizio cha uchovu wa safari kimekwisha. Mafiga haina kinyongo. Bodaboda wanapata abiria, wauza ndizi wanapata wateja, hoteli zinajaa wajumbe wenye vitambulisho shingoni. Kero ni moja tu: kila Mheshimiwa anapoondoka, taarifa kwa vyombo vya habari husema kwamba wafanyakazi wameshirikishwa, na wafanyakazi wenyewe, walioachwa kazini, huisoma habari hiyo kwenye simu.

Utaratibu wa siku hiyo Mafiga inaujua kwa moyo, maana baadhi ya watoto wake ndio wanaopanga viti na kuchemsha chai. Saa mbili na nusu wajumbe wameketi. Saa nne anaingia mgeni rasmi. Wote wanasimama na kuimba wimbo wa mshikamano kwa sauti ambayo hawataitumia tena siku nzima. Mwenyekiti wa Baraza, ambaye kwa bahati njema ndiye pia mtendaji mkuu wa taasisi, anamkaribisha mgeni awaase watumishi wachape kazi, waache majungu na watunze siri za ofisi. Kisha picha ya pamoja, wakubwa kwenye viti na wajumbe wamesimama nyuma. Baada ya chai inasomwa taarifa ya utekelezaji wa bajeti, jedwali baada ya jedwali, na zamu ya wajumbe kuchangia inaangukia pale pale ambapo harufu ya pilau imeshaingia ukumbini. Anayeuliza kuhusu malimbikizo ya mshahara anajibiwa kwamba hoja yake ni nzuri, imepokelewa na inafanyiwa kazi. Akirudia, anaombwa asubiri Mengineyo.

Haijulikani ni nani aliyegundua kwamba kikao cha kumwambia bosi ukweli kikiendeshwa na bosi mwenyewe, humalizika mapema. Agundulike, apewe cheti.

Mheshimiwa hakuzaliwa hivi. Alianzishwa kwa Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970, wakati mabenki na viwanda vikubwa vimeshataifishwa na swali limebaki juu ya meneja mpya: je, naye atamfokea mfanyakazi kama yule wa zamani? Mwaka uliofuata TANU ikatoa Mwongozo, na ibara yake ya 15 ikamkataza kiongozi majivuno, anasa, dharau na uonevu. Wafanyakazi wakafanya jambo ambalo halikutarajiwa. Waliisoma. Kuanzia mwaka 1971 migomo ikafuatana viwandani, na safari hii madai hayakuishia kwenye mshahara. Walilalamikia matusi, ubabe na mameneja wasioongea na watu. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimfungia nje mwajiri wao wakaendelea na uzalishaji wenyewe. Serikali iliyoandika Mwongozo ikashtuka kuona umeeleweka, na wengine waliojaribu kufuata mkondo huo wakaishia kufukuzwa kazi.

Mkoani hapa hapa, mwaka 1986, wafanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Kilombero walipodai malipo yao, walijibiwa kwa risasi za polisi na baadhi yao wakafa. Hapo Mheshimiwa Baraza alikuwa ameshatimiza miaka 16. Mafiga inaomba radhi kwa kuleta jambo hili mezani kabla ya chai.

Anayedhani kumsikiliza mfanyakazi ni hisani apelekwe kwenye habari za Kiwanda cha Viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mpango ulikuwa kutengeneza viatu vya kutosha nchi nzima na mamilioni ya jozi nyingine za kupeleka Ulaya. Mitambo ilikuwa ya kisasa. Kuta zilikuwa za alumini, na mfumo wa kupitisha hewa haukuwepo. Kwa alumini! Kwenye jua la Morogoro! Hakukuhitajika mshauri mwelekezi kujua kitakachotokea. Mama anayechoma vitumbua Mafiga angelisema hilo bila kudai posho ya kikao. Kama kuna aliyewauliza watu watakaoshinda humo ndani kutwa, jibu lao halikufika kwenye michoro. Joto halikuwa tatizo pekee, maana mitambo iliharibika na vipuri vikakosekana, lakini hayo nayo huonwa kwanza na fundi wa zamu kabla ya kumfikia mkurugenzi. Kiwanda hakikuwahi kuzidi asilimia chache za uwezo wake, na mwaka 1990 uzalishaji ukakoma. Viatu vya Ulaya havikuonekana. Deni lilibaki na Watanzania.

Milima inayoonekana kutoka dirishani kwa Mheshimiwa ina kisa chake pia. Wakoloni waliwaamuru Waluguru wachimbe matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko, amri juu ya amri, faini juu ya faini. Mwaka 1955 watu wa Matombo wakakataa katakata, vurugu zikazuka, na mpango wote ukafa. Hao hawakuwa na Baraza, kwa hiyo walisikika.

Hata habari njema humpita Mheshimiwa. Mei Mosi ya mwaka 2023 iliadhimishwa kitaifa Morogoro, na ni kwenye Uwanja wa Jamhuri, juani, ambako Rais Samia alitangaza kurudi kwa nyongeza za mwaka za mishahara zilizokuwa zimesimama. Uwanja ulishangilia. Huko kwenye kumbi, hoja hiyo hiyo ilikuwa bado inafanyiwa kazi.

Kwa kuwa Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma ya mwaka 2003 bado inamtambua Mheshimiwa, Mafiga inamwalika aje kukaa nayo. Hapa ndipo maji ya Bwawa la Mindu yanapotibiwa kabla ya kwenda mjini, ingawa inafahamika kwamba Mheshimiwa hunywa ya chupa. Viti vya plastiki vipo. Mengineyo yataanza, bajeti itafuata, na mtendaji mkuu atakaa mstari wa nyuma na daftari, aandike. Mwenyekiti atachaguliwa siku hiyo hiyo miongoni mwa wasio na gari la ofisi. Kila hoja itakayopokelewa itabandikwa getini ikiwa na tarehe ya kujibiwa na jina la wa kujibu. Wapita njia wa Mafiga ni wasomaji wazuri, nao wana muda. Pilau litakuwepo, ila litaiva majibu yakishatoka.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Wakazi wa Mafiga.

Nakala: Dereva wa Mkurugenzi, ambaye amehudhuria mabaraza yote tangu aajiriwe, akiwa maegeshoni.