Mwongozo wa Kuharibu DVD ya Harusi

Hongera! Ukoo umekukabidhi kazi ya kuchoma DVD ya harusi ya binamu yako. Fuata hatua hizi kwa uaminifu, na jina lako litatajwa katika kila kikao cha familia.

1. Usipige hesabu. DVD ya kawaida inabeba gigabaiti 4.7, hazipungui wala haziongezeki. Bitireti ni data inayotumika kila sekunde, basi waoga hugawanya nafasi kwa muda: saa moja huiwekea megabiti 8 kwa sekunde, saa mbili kama 5 hivi. Wewe sokomeza saa sita, tangu send-off hadi hotuba ya mjomba wa mwisho. Utabaki na megabiti 1.7, sauti ikiwa humo humo. Mchungaji aliyesimama tuli ataonekana vizuri tu. Ngoja maharusi waingie ukumbini: akina shangazi wanacheza mbele, taa za disko zinazunguka, vikaratasi vya kumetameta vinamwagika. Kila kitu kinasogea, data hazitoshi, na uso wa bibi harusi unavunjika vibokisi vibokisi. Mama mkwe atauliza kaolewa nani.

2. Ukilaumiwa, kimbilia upande wa pili. Kanuni za DVD zinaruhusu picha ifike megabiti 9.8, na picha na sauti kwa pamoja zisivuke 10.08. Weka 9.8 hiyo hiyo, kisha sauti iache PCM, bila kubanwa, ile megabiti 1.5. Programu makini itakugomea. Ya hovyo itachoma, na deki ya sebuleni itaganda pale pale pete inapovishwa. Wazoefu huishia kama 8, maana deki nyingi husoma kwa taabu sahani za kuchoma, na sauti huibana kwa Dolby Digital ya kilobiti 192 au 256. Achana nao.

3. Kataa bitireti inayobadilika. Ukiiruhusu programu ipitie video mara mbili, safari ya kwanza itapima wapi pana purukushani na wapi pametulia, ya pili itanyima hotuba na kuneemesha ngoma. Kazi itachukua muda mrefu, nawe ulishaahidi kesho asubuhi.

4. Mwahidi binamu yako picha ya 4K. DVD ya mfumo wa PAL, unaotumika Tanzania na Kenya, ina nukta 720 kwa 576, hata kama kamera yako iliuzwa bei ya kiwanja.

Na kama hutaki umaarufu wa namna hii, basi anza na muda, ndipo uguse bitireti. Video ikizidi saa mbili, kata hotuba au choma sahani ya pili. Sahani tupu zipo dukani. Harusi ile haitafungwa tena.