Siku Tatu za Baba

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotuongoza huku Tanzania Bara, inampa mama aliyejifungua likizo ya siku 84, na akijaliwa mapacha zinafika 100. Baba naye hakusahauliwa. Amepewa tatu, tena azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe, zisije zikachacha. Ya kwanza iliishia kwenye kutafuta bajaji na supu. Ya pili waliimaliza wageni. Ya tatu ndiyo nikaanza kuelewa mbele ya pampasi ni wapi, jua likazama.

Nadhani waliotunga kifungu kile walimfikiria mtoto mchanga peke yake. Mchanga hana neno. Matatizo yake ni njaa, pampasi na usingizi, na yote mama yake na bibi yake wanayamudu bila kuniita. Mwenye kuhitaji likizo ya mtu mzima mwenye nguvu zake ni kaka mtu.

Kaka mtu ana miaka minne na anasoma chekechea. Mdogo wake alipoletwa nyumbani alimkagua kimya, kisha akauliza anaondoka lini. Mama yake akamwambia haondoki, huyu ni wetu. Akatafakari kidogo, akatoka, akaenda kuificha baiskeli yake uvunguni.

Baadaye roho ikalainika, na bora isingelainika, maana sasa akaanza kugawa. Kliniki wanatusisitizia mtoto anyonye maziwa ya mama tu mpaka atimize miezi sita, hata maji asipewe. Kaka mtu hakuwepo kwenye somo hilo. Nilimkuta kasimama kando ya kitanda, biskuti mkononi, na mchanga kajaa makombo kuanzia kidevuni hadi tumboni.

“Nimemrambisha tu, Baba. Alikuwa ananiangalia sana.”

Mtoto mwenyewe wa wiki mbili, hata macho hajui anayapeleka wapi!

Tunashukuru mama mkwe alikuja kutoka Moshi kumlea mzazi, akaja na ndizi za mtori za kulisha mtaa mzima. Kwa mpishi yule sina la kusema. Ila nyumba yetu ina choo kimoja, na mkwe mwenye adabu hapiti ukumbini na taulo. Usiku mmoja umeme umekatika, mchanga analia, mkubwa kabanwa na mkojo na hataki kwenda peke yake. Nikavuta nguo ya kwanza niliyoigusa gizani, nikajifunga, nikamshika mkono tukatoka. Ukumbini tukapokelewa na tochi ya simu ya mama mkwe. Mwanga ukatua kiunoni pangu, kwenye khanga ya binti yake iliyoandikwa kwa herufi kubwa: HASIDI HANA SABABU.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba,” akajibu, akageuzia tochi ukutani.

Asubuhi hakuna aliyeligusia. Mtori nilipakuliwa kama kawaida, nyama zikiwa nyingi kuliko jana yake.

Mama mkwe huyo huyo ndiye aliyeleta tiba ya kwikwi ndani ya nyumba. Anakata kipande cha uzi mwekundu, anakilowesha kwa mate, anakibandika kwenye paji la mtoto. Kwikwi ya mchanga huisha yenyewe, uwe na uzi au usiwe nao, lakini nani wa kubishana na bibi ambaye ushahidi anao: uzi ulibandikwa, kwikwi imekwisha. Kaka mtu alitazama mara moja tu, akafuzu. Akafumua pindo la zulia, akaanza kututibu. Alimtibu bibi, akalitibu friji, akamtibu paka wa jirani ambaye hakurudi tena kwetu. Mimi alinihudumia nikiwa nimepitiwa na usingizi kwenye kochi. Nikaamka mbio, nikanawa uso nusunusu, nikadandia daladala. Kwenye kikao nikasimama kueleza kwa nini taarifa ya robo mwaka imechelewa, na nikafurahi kuona leo watu wote wananitazama usoni, hakuna anayechezea simu. Tulipotoka, dada wa uhasibu akanisogelea kwa upole: “Kaka, kwikwi imeacha?”

Wiki ya sita ikafika, siku ya chanjo: matone ya polio mdomoni, na sindano za mapajani. Nikaomba ruhusa, jukumu langu likiwa kumshika mkubwa. Nesi akafungua kadi ya kliniki kwenye chati ya ukuaji, ule ukurasa ambapo kila mwezi huwekwa nukta ya uzito na mstari unatakiwa upande taratibu. Akaitazama. Akavaa miwani, akaitazama tena.

“Baba, huyu mtoto alishawahi kufika kilo kumi na saba?”

Mstari wa kalamu ya bluu ulianza vizuri pale alipozaliwa, ukapanda wima hadi juu, ukajikunja, ukashuka, na mwishoni ukatoa ulimi. Msanii akajitambulisha mwenyewe: “Ni nyoka.” Halafu akaiona sindano, akaingia chini ya benchi. Mdogo wake alilia kidogo, akanyonya, akasahau. Yeye alilia mpaka tunapanda bajaji, na akina mama waliokuwa kwenye foleni wakawa wanamwonyesha kwa vidole wakiulizana huyu mkubwa kachomwa ya nini.

Usiku tunalala wanne kwenye kitanda cha tano kwa sita, ndani ya chandarua, kwa sababu mkubwa amegundua kuwa kumbe inawezekana. Mchanga anaamka kila baada ya saa mbili, tatu. Mkubwa haamki, ila anazunguka, na mguu wake unajua mbavu zangu zilipo.

Kwa hiyo ndugu, jamaa na marafiki mnaopanga kuja kumwona mtoto, karibuni sana. Sabuni tunazo, pampasi zipo, khanga zimejaa sanduku. Mkitaka kutufaa, mchukueni huyu kaka mtu mkampunge upepo mpaka magharibi. Amekwisha kula, viatu vyake viko mlangoni, na mfukoni angalieni kama kuna uzi.