Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mwenye Ghorofa

Mheshimiwa,

Naomba radhi mapema kwa kukuchukulia muda wako, maana najua simu zako ni nyingi na zangu umekuwa ukizikosa.

YAH: WAYA WA KIJANI NA MANJANO ULIOFUTWA KWENYE ORODHA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote, hongera kwa ghorofa. Kila apitaye mtaani husimama kulitazama, na mimi fundi umeme wako natembea kifua mbele.

Mheshimiwa, orodha ya vifaa niliyokuletea imerudi na mistari ya kalamu nyekundu. Umefuta rodi ya shaba ya kupigilia ardhini, umefuta waya wa ardhi wa kila soketi, ule wa kijani na manjano, na umefuta RCD, kile kifaa kinachokata umeme unapovuja. Koki za bafu za rangi ya dhahabu zimesalimika. Pembeni umeandika kwa mkono wako: “Haya ya nini? Umeme si utawaka?”

Swali lako ni la busara. Utawaka. Taa zitang’aa, feni zitazunguka, na hakuna mgeni atakayejua kuna kilichopungua. Ndiyo hila ya waya wa ardhi: usipokuwepo, hakuna anayeukumbuka mpaka siku ya hitilafu.

Niruhusu mimi mdogo wako nieleze. Shawa ya maji moto uliyoichagua kwa kila bafu ni ya kilowati 5.5. Kwa umeme wetu wa volti 230, inavuta karibu ampea 24. Siku hitilafu itakapoingiza umeme kwenye maji, umeme huo utatafuta njia ya kwenda ardhini. Ukiwepo waya wa ardhi utapita humo, na RCD itakata. Usipokuwepo, utapita kwa mpangaji aliyesimama pale, sabuni machoni.

Utasema breka ipo. Ipo, tena ya ampea 32. Lakini breka hiyo kazi yake ni kulinda waya usiungue. RCD ya kumlinda mtu hukata umeme uliovuja ukifika miliampea 30, na ampea 32 ni zaidi ya mara elfu moja ya hizo. Breka ni askari wa geti aliyeambiwa azuie malori: paka akipita, wala hageuki. Umeme wa kumuua mtu kwake ni paka.

Nakushukuru pia kwa kunipunguzia safari ya dukani. Kijana uliyemtuma Kariakoo amerudi na rola za waya ulioandikwa milimita 2.5. Nilipouchuna kwa plaizi, shaba iling’aa vizuri. Nilipoikwangua kwa kisu, ndani ikatokea nyeupe. Huo umechakachuliwa, Mheshimiwa. Nilipokuambia, ukasema mafundi tunapenda vitu vya bei ili tupate cha juu dukani. Hujakosea, wenzetu wa namna hiyo wapo. Ndiyo maana naomba, kwa heshima, twende dukani pamoja. Risiti iandikwe jina lako, pesa ishike mkono wako, na mimi nitabeba kisu tu.

Juzi msimamizi wako aliniletea fomu ya kuombea umeme nipige muhuri. Alinieleza kwa upole kwamba nisipopiga, yupo atakayepiga bila hata kulifikia jengo. Namwamini. Ila muhuri huo umebeba leseni yangu ya EWURA. Ukigonga karatasi, unasema nimepima na kazi ni salama. Mtu akipigwa shoti akafa, haitaulizwa kalamu nyekundu, litaulizwa jina langu.

Kuhusu salio la ufundi, lile la “njoo kesho” ambalo baadaye likawa la mwisho wa mwezi, sitaligusa hapa. Si adabu kumdai mkubwa hadharani.

Ombi langu basi ni fupi. Nunua rodi, waya wa ardhi, RCD, na waya wa shaba tupu. Kuvifunga hivyo vyote sitakutoza hata shilingi: nyundo ninayo, na mahali pa kutindua napajua. Nikishapima na vipimo vikakubali, muhuri utagonga siku hiyohiyo. Kabla ya hapo, kwa unyenyekevu wote nilionao, haugongi.

Na ukiona heri umwite yule wa muhuri wa chapchap, sitakasirika. Nakusihi jambo moja tu: akimaliza kugonga, mpe taulo, aoge yeye kwanza.

Wako mtiifu,

Fundi umeme wa ghorofa lako