Namna ya Kumwekea Bibi Programu ya Dawa

Anza kwa kumpokonya kitochi chake. Kinakaa na chaji siku nne, kina redio, na anakijua kwa kupapasa tu. Kwa hiyo hakifai. Mpe simu janja yako ya zamani, ile yenye ufa kwenye kioo.

Sasa soma bahasha za duka la dawa: amlodipine ya presha 1×1, metformin ya sukari 1×2. Muulize humeza saa ngapi. Atakujibu saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Usijisumbue kufikiri, andika 2:00 kama alivyotamka. Simu haijui saa za Kiswahili. Italia saa nane za usiku, nyumba nzima ikurupuke, na Bibi aanze kutafuta kanga akijua kuna msiba.

Ukishasahihisha iwe 8:00, mipangilio ya betri iache ilivyo. Simu nyingi za bei nafuu huzilaza programu ili kuokoa chaji, na hiyo ya dawa italazwa pamoja na michezo ya wajukuu.

Kisha mfundishe kitufe cha "Nimemeza". Atakipenda, maana ndicho kinachonyamazisha kelele. Bibi yangu alikibonyeza siku 11 mfululizo, mkono mmoja ukiwa bado na machicha ya nazi, huku akiijibu simu: "Nimesikia, mume wangu, nimesikia!" Nami nikiwa mbali nikapokea ripoti ya asilimia 100, nikajisifu kwa wenzangu kazini. Nilipokwenda kumsalimia nikafungua bahasha. Vidonge vilikuwa vimejaa.

Ramadhani ikikaribia, usimwone daktari kupanga upya dozi za futari na daku. Iache simu imdai dawa saa mbili asubuhi naye amefunga.

Ila kama bahasha mojawapo imeandikwa glibenclamide, mzaha uishie hapo. Akiimeza asile, sukari yaweza kushuka: atatetemeka, atatoka jasho, hata kuzirai. Kitufe hakiulizi kama uji umenyweka.

Bibi nimemrudishia kitochi. Nacho kina alamu, ipo kwenye menyu. Iweke 8:00, mwombe anayelala naye nyumba moja amwone anakula na kumeza, na wewe ukienda kusalimia, kabla hujakaa kitako, hesabu vidonge.