Usinunue Boksi la Vitufe Kabla Hujapima Vidole

Kijana wa Tarakea, kwanza rudisha pesa mfukoni. Boksi lisilo na stiki, kama analotumia bingwa wa mchezo wa video wa Street Fighter, Daigo Umehara wa Japani, halimpi mtu ngumi asizokuwa nazo. Linafupisha njia tu. Mpiganaji wako Ryu akitazama kulia, kidole cha kati cha mkono wa kushoto kinabana chini, cha shahada kinabana mbele, cha kati kinaachia, ngumi inafuata, moto unatoka. Kuruka ni kazi ya gumba, kwenye kitufe kikubwa cha chini. Mwanzoni utaruka bila kukusudia na utatandikwa ukiwa hewani. Vumilia.

Jipime kwanza kwa kibodi ya kompyuta: A, S, D na spesi ya kurukia. Ukibana vinne kwa pamoja na kimoja kikagoma, usilaumu vidole. Kibodi nyingi za bei rahisi ndivyo zilivyo. Na kama mkono bado unalilia pedi, baki na pedi, asikucheke mtu.

Mkono ukikubali, nenda kwa fundi seremala. Shamba la miti la Rongai liko jirani, na ubao wa msaiprasi unatosha kabisa. Atoboe matundu ya milimita 24, la kuruka 30. Ndani weka Raspberry Pi Pico, kibao cha elektroniki kilichoingia sokoni 2021 kwa dola 4, na programu ya bure ya GP2040-CE. Vitufe utaagiza mbali, kwa hiyo agiza na vya akiba. Uliza pia kibanda chenu cha gemu kinatumia mashine gani: kompyuta haina shida, PlayStation 5 hukataa kifaa kisicho na kibali chake.

Kushoto na kulia vikibanwa pamoja, panga boksi lisome kwamba hujabana kitu. Tangu 2023, kanuni za Capcom Pro Tour, mashindano ya Street Fighter, zinakataa mpangilio wa kukipa ushindi kitufe kilichobanwa mwisho. Usiseme mashindano hayakuhusu. Hata jirani yako Sylvia Gathoni wa Kenya, QueenArrow wa mchezo wa Tekken, alisajiliwa na timu ya XiT Gaming mwaka 2018.

Kabla hujamlipa fundi, liweke boksi mapajani, ubane vitufe vyote macho yakiwa ukutani. Likiteleza, gundisha chini vipande vya ndala kuukuu. Viganja vikining'inia, mwambie apunguze kimo cha boksi.