Ainisho la Awali la Wachumi wa Kijiweni

Swali la kama uchumi wa Tanzania unakua au unasinyaa limeachiwa Benki Kuu kwa muda mrefu mno. Utafiti huu ulifanyika kwenye benchi la mbao chini ya mwarobaini, Temeke, ambako kamati ya sera huketi kila siku baada ya alasiri ikihudumiwa na muuza kahawa mwenye birika moja na vikombe sita. Mtafiti alitumia mbinu ya ushiriki, yaani alikunywa. Ieleweke pia kwamba kati ya 2018 na 2019, sheria ya takwimu ilipokaza kuliko vyuma vyenyewe, kazi kama hii ingeanza na wakili kabla ya kashata.

Jamii iliyoenea zaidi ni ya wachumi wa mfuko, ambao hulipima taifa kwa kile wanachouza. Mama lishe wa pale kona ana vipimo vitatu tu. Wateja wakihama kutoka wali nyama kwenda wali maharage, uchumi umeyumba. Wakianza kusema, "Mama, leo nipe wali na mchuzi tu," tumeingia kwenye mdororo. Wakimwomba aandike kwenye daftari, ni janga la kitaifa. Sijaona mchumi wa chuo aliyemshinda kwa wepesi wa kutoa matokeo: takwimu zake hutoka saa nane mchana, na hazijawahi kufanyiwa marekebisho.

Tatizo la kisayansi liko kwa fundi viatu. Huyu hupima kinyume. Mwenye hela hununua kiatu kipya. Aliyebanwa hubandika soli ya zamani mara ya tatu. Kwa hiyo fundi akikuambia, "Mambo safi, mkuu, kazi zipo," ujue nchi ina hali mbaya. Ndivyo alivyo pia jirani yake anayetoa mikopo ya kausha damu, ambaye mtafiti hajawahi kumsikia akilalamika. Inapendekezwa kauli za hawa wawili zigeuzwe juu chini kabla ya kuingizwa kwenye jedwali lolote.

Wachumi wa zege huhesabu kile tu kinachoweza kupigwa picha. Wao walitumia alasiri tatu kugawana Daraja la Kigongo–Busisi, ambalo lilianza kujengwa enzi za Magufuli, likafunguliwa na Samia Juni 2025, na limebeba jina la Magufuli. Mwafaka ulikuwa kwamba nguzo ni za hayati na lami ni ya Mama. Saa zilizokuwa zikipotea kusubiri kivuko hazikupewa mwenyewe.

Wachumi wa asilimia ni wachache na huja na magazeti. Siku yao kuu ilikuwa Julai 2020, Benki ya Dunia ilipotangaza kwamba Tanzania imeingia uchumi wa kati, miaka mitano kabla ya lengo la 2025. Pato la wastani lilikuwa dola 1,080 kwa mtu kwa mwaka, na kizingiti dola 1,036. Tulivuka kwa dola 44. Mtafiti alizigawa kwa siku 365, kwa kiwango cha wakati ule cha shilingi kama 2,300 kwa dola, akapata shilingi 277. Hiyo ilikuwa chapati moja, kama muuzaji angekusamehe shilingi 23 zilizopungua. Chai ya kuiteremshia ilibaki uchumi wa chini.

Lakini kujua hali ya uchumi ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kujua ashukuriwe nani, na hapa kijiwe kina kanuni moja isiyopingwa: sifa ni za aliyepo Ikulu, lawama ni za aliyetoka au za nchi ya mbali. Bei ya mahindi ikishuka, ni sera. Ikipanda, ni mvua, au korona, au Ukraine.

Mtafiti aliijaribu kanuni hii kwa mtu ambaye sifa zake hazigombaniwi, Mzee Ruksa. Kila anayekumbuka foleni za sukari na sabuni atakuambia bidhaa zilirudi madukani na Mwinyi. Mstaafu mmoja wa bandarini alitikisa kichwa. "Dogo, mimi hizo bidhaa nilianza kuziona kabla yake." Na kweli, ni bajeti ya 1984, ya Waziri Cleopa Msuya, iliyomruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza mali nje bila kuulizwa amezitoa wapi. Rais alikuwa Nyerere. Mwinyi aliapishwa Novemba 1985. Kijiwe kilinyamaza, hadi mtu akakumbusha kwamba mwaka huo wa 1984 Mwinyi alikuwa Rais wa Zanzibar, na huko nako biashara ilifunguliwa. Basi sifa ikamrudia kwa boti, watu wakaendelea kunywa.

Mkapa yeye alifanya yote ambayo wachumi wa asilimia huyapenda. Mfumuko wa bei uliokuwa zaidi ya asilimia 20 alipoingia 1995 ulishuka hadi tarakimu moja, na mwaka 2001 nchi ikapata msamaha wa madeni. Mtaa ukamshukuru kwa kulifanya jina lake liwe neno la kuishiwa: ukapa. Lugha ilikuwa imeshamwandalia mtego, maana aliyekosa kitu siku zote hutoka kapa.

Ugunduzi mkuu wa utafiti huu, hata hivyo, hauna rais. Julai 1975 baridi kali iliua mibuni ya jimbo la Paraná, Brazil. Bei ya kahawa duniani ikaruka, na kufikia 1977 Tanzania ilikuwa na akiba ya fedha za kigeni ya kutamba nayo. Mwaka 1978 serikali ikalegeza uagizaji wa bidhaa na akiba ikaanza kuyeyuka. Oktoba mwaka huohuo Idi Amin akavamia Kagera, na mwaka uliofuata mafuta yakapanda. Mwalimu akaomba miezi 18 ya kufunga mikanda. Miezi ikaisha, mikanda ikabaki. Kijiweni lawama zote hubebeshwa Amin, naye anastahili nyingi, ila alivuka mpaka hazina ikiwa imeshaanza kukauka. Nilipoieleza baridi ya Paraná, muuza kahawa peke yake ndiye aliyesikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama inaweza kurudi.

Hadi sasa ni baridi ile pekee iliyoleta neema bila kuomba kura wala kuweka jiwe la msingi. Manispaa ya Moshi, mji wa kahawa, inaombwa kwa heshima, kama kimebaki kichochoro kisicho na jina, ikikumbuke Paraná.