Ombi la Wagonjwa Wenye Friji

Kwa Wapimaji wa Ubora wa Hospitali,
Wizara ya Afya, Afya House, Nairobi.

KUH: KUTUMIWA WAGONJWA WALIO BORA ZAIDI

Waheshimiwa,

Tunaandika kutoka Nakuru. Tunaambiwa hospitali nzuri ni ile ambayo wagonjwa wake hupona upesi, huenda nyumbani na hawarudi. Kwa kipimo hicho, hospitali yetu ya rufaa, ile ambayo wengi bado tunaiita PGH kwa jina lake la zamani la hospitali ya mkoa, ina kosa moja kubwa: haichagui wagonjwa.

Mama mjamzito anatoka Tiaty akivuja damu. Akifika Marigat, bado ana takriban kilomita 100 mbele yake. Akikata roho mlangoni mwa leba, kifo kinaandikwa Nakuru. Barabara haina rejista ya vifo, wala nauli iliyochangishwa tangu alfajiri haina. Anayejibu ni daktari aliyemwona dakika za mwisho.

Naye mzee wa Kaptembwo, mwenye kisukari, anaruhusiwa kwenda nyumbani na maagizo: chupa za insulini zikae kwenye friji, ale vizuri, arudi kliniki. Friji hana, chakula ni kitakachopatikana, na nauli ya kliniki imelipa kodi ya nyumba. Mwezi haujaisha, analazwa tena. Mwenzake wa Milimani, mtaa wa wenye nacho, ugonjwa ule ule, yuko kwake anakunywa chai bila sukari. Bila shaka huo ni ustadi wa hospitali yake ya kibinafsi.

Si kwamba Serikali haijui kupima umaskini. Tangu Oktoba 2024, asiye na mshahara akijisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) huulizwa paa lake ni la nini, sakafu ni ya nini, choo ni cha aina gani, ndipo akadiriwe mchango, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Kumbe mabati yetu yana maana! Yanahesabika tunapotozwa, lakini hospitali inayotutibu ikipimwa, hakuna anayeyakumbuka.

Kusahau huku si kwetu tu: Marekani ilianza 2012 kukata malipo ya hospitali ambazo wagonjwa wake hulazwa tena kupita kiasi. Zilizohudumia maskini wengi zikaumia, hadi sheria ya 2016 ikaagiza kila hospitali ilinganishwe na zile zenye maskini kwa kiwango kama chake.

Mtasema uzembe utajificha nyuma ya umaskini: glavu zikikosekana, tuambiwe mgonjwa alikuwa fukara. Hapo mna haki. Basi glavu, damu, dawa na muda wa kungoja visionewe huruma popote. Lakini kupona na kulazwa tena kulinganishwe maskini kwa maskini, mwenye nacho kwa mwenye nacho. Maskini wakifa zaidi ya wenye nacho katika wodi moja, ulizeni kwa nini, tena kwa ukali.

La sivyo, tutumieni wagonjwa wenye friji na gari, tuwe wa kwanza nchini.

Majibu ya paa na choo Serikali inayo tayari. Yaombeni SHA, myatumie.